Ladha ya Moshi Ambao Haukuwapo

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu anayekohoa chumbani huku jamaa zake, uani, wakijadili ni marehemu yupi anayemwita. Nimewahi kuwa mtu huyo. Ningali hai, nami nitaeleza mambo kwa utaratibu wake.

Nilizaliwa Shituru, katika nyumba za kampuni ya shaba karibu na reli. Babu yangu mzaa mama, Kalenga, alikuwa mtu wa tanuru. Alikufa kwa ugonjwa wa kifua kabla sijazaliwa. Nilipewa jina lake, na kwa desturi yetu aliyepewa jina hupewa na heshima yake: tangu nikinyonya, mama aliniita Tata, yaani baba. Sisi watoto wa Shituru tuliujua moshi wa usine, kiwanda cha kampuni, kwa ulimi. Ulikuwa na ladha ya sarafu iliyolambwa.

Kisha mambo yakaanguka. Mishahara ilikoma, maduka yakaporwa, tanuru zikapoa. Moshi ukaisha. Asubuhi hewa ilikuwa safi kiasi cha kutisha.

Miaka ile kazi iliyobaki kwa kijana ilikuwa ulinzi. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alinichukua nisimame mlangoni pake, akaniambia waziwazi: "Bunduki sina. Nataka muntu anayeonekana kutoka barabara ya pili." Mlango ule ndio uliomlisha mama yangu. Kwa hiyo kila siku nilinyanyua ekseli ya behewa uani kwetu pamoja na rafiki yangu Costa, na Costa ndiye aliyeleta ampuli, vichupa vya dawa ya sindano. Madereva wa malori walizitoa Zambia. Ilikuwa dawa ya kukuza misuli, iliyochanganywa katika mafuta. Hatukuificha. Kwetu kidonge kinaweza kudharauliwa, lakini sindano huheshimiwa. Mama mwenyewe alituchemshia sindano na kuiita dawa ile vitamini.

Mikono ikanenepa. Mabega yakajaa mlango wa duka.

Alasiri moja Costa alinidunga takoni, na kabla hajachomoa sindano, kinywa changu kikajaa ladha ya moshi wa tanuru. Nikainua macho. Bomba la moshi la usine lilisimama tupu, na anga nyuma yake tupu.

"Costa, wamewasha tanuru?"

"Tanuru gani? Weye, unaota?"

Kifua kikabana, kama kimekaliwa na mtu. Nikaanza kukohoa. Hakikuwa kikohozi cha mafua. Kilikuja kikavu, kimoja juu ya kingine, bila nafasi ya kuvuta pumzi. Jasho, machozi na mate yakanitoka kwa pamoja. Costa akacheka: "Mon vieux, unakohoa kama Land Rover ya mupadri!" Baada ya dakika chache kikakatika ghafla. Jioni nilikwenda kazini.

Sindano iliyofuata haikuleta kitu, na nyingine baada yake pia. Hilo ndilo lililotupoteza. Kikohozi kingekuja kila mara, hata mtoto angetambua. Kilikuja mojamoja, bila onyo, na kila kilipokuja, ladha ya moshi ilitangulia.

Mara ya pili mama alikuwa uani akichekecha unga. Aliweka chekeche chini.

"Ule mukono," akasema. "Fanya tena."

"Mukono gani, mama?"

"Umejipiga kifua. Tatu, unangoja, moja. Tata alikuwa anafanya vile akitafuta pumuzi. Nani alikufundisha?"

Hakuna aliyenifundisha. Sikujua hata kwamba nimejipiga. Safari hii Costa hakucheka.

Tangu siku hiyo mama alilitamka lile neno Tata kwa tahadhari, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyoijua. Alimwaga munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kizingitini, akizungumza na baba yake kwa sauti ya chini. Mjomba alishauri nibadilishwe jina. Na kwa kuwa nilianza kuchoka haraka, mama akamwambia Costa: "Umuongezee vitamini."

Costa akaniongezea. Safari ile alisukuma dawa haraka. Nilikohoa nikapiga magoti, kisha nikalala ubavu, na kingo za ua zikawa nyeusi. Makohozi yalikuwa na utepe wa damu. Nilisikia ngumi kifuani: tatu, kimya, moja. Mkono ulikuwa wangu, lakini mimi nilikuwa msikilizaji tu. Mama akanishika mabega na kusema na mwingine kupitia uso wangu:

"Tata, muachilie mutoto wangu. Niko na yeye mumoja tu."

Costa alinipakia kwenye mkokoteni akanisukuma hadi zahanati. Daktari, mwanamke asiyepoteza maneno, alinikalisha wima na kunisikiliza mgongoni. Mama akamsimulia habari za Kalenga zote. Daktari hakumkatiza. Mwishowe akauliza:

"Mbele ya kukohoa, alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anapigwa shindano ya vitamini."

"Na ile mara ingine?"

Mama akamgeukia Costa. Costa ndiye aliyejibu, polepole: "Shindano."

Ampuli ilikuwa mfukoni mwake. Daktari alitia tone moja katika kikombe cha maji. Likaelea, la duara, linang'aa.

"Hii ni mafuta. Mu nyama inakaa, inatoka kidogo kidogo. Lakini shindano ikitoboa mushipa, mafuta inafuata damu mpaka mu mapafu. Kule mishipa ni kama nywele. Inaziba. Ni njo kikohozi, ni njo ile ladha. Akirudilia, siku moja hatasimama."

"Dawa yake ni nini?" Costa akauliza.

"Kuacha."

Mama aliliinamia tone lile. "Na kule kujipiga kifua, Docteur?"

"Ile, mama, miye sijui."

Costa alizitupa ampuli chooni. Kwa majuma nililala nimeegemezwa, nikipumzika njiani kwenda bomba la maji. Mwili ulipungua, mashati yakaning'inia, na mfanyabiashara akamweka mwingine mlangoni. Nikaanza kutengeneza redio, kazi ya kukaa. Pumzi ilirudi taratibu, na siku nilipotembea na mama hadi kanisani bila kusimama, alilia barabarani.

Namshukuru Mungu, mama, Costa aliyesukuma mkokoteni, na daktari aliyejua mpaka wa ujuzi wake. Nawe unayesoma: usinunue mwili katika ampuli. Ukikohoa baada ya sindano, sema ni sindano gani, useme mapema, hata kama nyumbani wamekwisha kuchagua sababu nyingine.

Sasa nimepita umri aliofia Kalenga. Tanuru ziliwashwa tena. Upepo ukileta moshi, mtaa mzima hukohoa kidogo, nami hukohoa pamoja nao, nikiwa nimeikalia mikono yangu, isije ikapiga kifua.