Radhi ya Aliyeshinda

Mtaani walimwita Mkasi, na si kwa sababu ya kazi yake tu. Ulimi wake nao ulikata. Ukimpelekea kitambaa, anakitazama, anakutazama wewe, anakunja uso kidogo, halafu anaingiza mkasi bila kuchora hata mstari mmoja wa chaki. "Chaki ni ya wasiojiamini," husema. Na nguo ikakukaa utadhani umezaliwa nayo! Mafundi nimewaona wengi, lakini macho kama yale sijayaona.

Kushona, hata hivyo, hakushona yeye. Mshonaji alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mume wake, mwanamke mnene, mpole, mwenye mguu mwepesi kwenye cherehani. Tangu mume alipofariki, wawili hao walifanya kazi katika chumba kimoja cha mbele, meza ya kukatia huku, cherehani kule, na kazi yote ikienda kwa mdomo. "Wifi, huo ni wa kushoto." "Wifi, hapo kiunoni mwachie apumue, bibi huyu anapenda kula." Vipande havikuwa na alama yoyote, alama ilikuwa maneno yao. Kutwa wanasemezana, wanataniana, wanacheka mpaka mteja anasahau alichofuata.

Basi ukaja uchaguzi mkuu. Jamani, uchaguzi! Mkasi alikuwa na upande wake, wifi ana upande wake, na mwanzoni ikawa mizaha tu. Huyu akaja na kofia ya chama chake, yule akabandika picha ya mgombea wake ukutani juu ya cherehani. Kisha siku moja, redio ikiwaka, Mkasi akasema wanaomfuata mgombea yule ni watu wasio na akili, na kwamba marehemu angekuwa hai angeona haya kuwa na dada wa namna hiyo. Wifi akasimamisha cherehani. Kuanzia hapo hawakusemezana tena.

Na ubaya wake, mezani palikuwa na gauni la harusi. Binti wa Mkasi, mtoto wake wa pekee, alikuwa anaolewa muda mfupi baada ya kura, na tangu utotoni alijua gauni lake litakatwa na mama na kushonwa na shangazi. Binti huyu aliwahi kuanguka akiwa mdogo, bega moja likabaki chini kidogo, kiasi kwamba macho ya Mkasi tu ndiyo yaliyoliona. Mama alijua la kufanya. Akaukata mkono mmoja wa gauni uwe juu zaidi, uliinue lile bega, kwa macho tu kama kawaida yake, akaviweka vipande mbele ya wifi kimya kimya.

Wifi akaona mikono hailingani. Akaigeuza huku, akaigeuza kule. Kitambaa chenyewe kinang'aa pande zote mbili, huwezi kujua upi ni wa kulia. Akafungua mdomo. Akaufunga. Mkasi alimwona, akajua kabisa anataka kuuliza nini, akageuka kutazama dirishani. "Aniulize," alijiambia moyoni. "Kwani amekuwa bubu?"

Siku ya kura walijikuta foleni moja, Mkasi mbele, wifi nyuma yake, kama watu wasiojuana. Jua likapanda. Miguu ya Mkasi huvimba akisimama sana, ikamshinda, akatoka kwenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta. Vijana wa nyuma wakaanza kusogea kuziba pengo.

"Hapo pana mtu," wifi akasema. "Msisogee."

"Mtu gani, mama? Si ameshatoka?"

"Ni wifi yangu. Anapumzika."

Akatanua viwiko, mpole yule, asipite mtu. Na alijua fika kura anayoilinda inakwenda kwa nani! Mkasi alisikia kila neno. Akarudi mahali pake, hata asante hakusema, akaingia, akampigia mtu wake.

Mtu wake akashinda. Matokeo yalipotangazwa, Mkasi alipiga vigelegele mle mle chumbani, akacheza akiizunguka cherehani ya wifi, na mwenzake ameinamisha kichwa anashona. Nampenda sana Mkasi, lakini hilo silimung'unyi: lilikuwa jambo la aibu.

Kesho yake binti akalijaribu gauni. Lilikaa kombo, mikono imewekwa kinyume! Bega la chini likazidi kushuka, na la juu likapanda kama linataka kumnong'oneza sikioni.

"Umeua gauni la mwanangu!" Mkasi akapiga kelele.

"Ungeniambia!"

"Ungeuliza!"

"Nikuulize mimi, nisiye na akili?" wifi akasema. "Kura mmeiba, sasa mnataka na mikono ya gauni tuijue kwa ramli?"

Akaita mwenye mkokoteni, akapakia cherehani yake. Mlangoni akamgeukia binti aliyekuwa analia. "Mungu akubariki, mwanangu. Harusini usinitafute."

Mkasi akabaki na ushindi wake. Akaifumua mikono, akajaribu kuishona mwenyewe, ikawa balaa juu ya balaa, akaapa kumpelekea fundi mwingine.

"Mpelekee," binti akasema. "Na shangazi utaniazimia wapi? Upande wa baba sina mwingine. Asipokuwepo yeye, mama, siolewi."

Mkasi akautafuta ulimi wake, ule uliozoea kukata, asiuone. Redioni walikuwa bado wanasherehekea, watu ambao hata jina lake hawakulijua. Akaizima. Siku hizi anasema ndipo alipoelewa. Kushindwa tunafundishwa tangu wadogo: vumilia, subiri, aliye juu mngoje chini. Kushinda hakuna anayekufundisha, nako kunakuvamia kama mlevi aliyeingia nyumba si yake.

Akalikunja gauni, akatoka mchana kweupe. Njia ya kwa wifi inapita mbele ya kinyozi, na hapo ndipo walipokaa watu wa upande ulioshindwa, wakinuna. "Eh! Leo washindi wamekuja kututembelea?" mmoja akamrushia. Zamani angemjibu maneno ya kumnyima usingizi. Akasema tu, "Nakwenda kwa wifi yangu," akapita. Mimi hapo ndipo nilipomvulia kofia.

Akabisha hodi. Wifi alikuwa ameketi kitandani, cherehani imefunikwa shuka.

"Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kuomba radhi. Nilikutukana, tena nikamtumia marehemu kukutukania. Ukanilindia nafasi yangu kwenye foleni, sikukushukuru. Nikakuchezea ngoma usoni. Nisamehe, wifi yangu."

"Kumbe walioshinda nao huomba radhi?"

"Sasa aombe nani? Ukiomba wewe, watu watasema umesalimu amri. Nikiomba mimi, hakuna atakayesema nimelazimishwa."

Wifi akajiweka sawa kitandani. "Kura yangu sijutii."

"Usijute."

"Na huyo mtu wako bado ni mwizi."

Ulimi wa Mkasi ukacheza mdomoni, alivyo yule! Akauma meno. "Sawa, wifi."

Wifi akamtazama kwa muda, kama asiyeamini masikio yake. Halafu akanyoosha mkono, akalichukua gauni, akalitandaza mapajani na kuipapasa ile mikono, mmoja baada ya mwingine.

"Haya, niambie basi," akasema. "Huu ni wa bega lipi?"

"La kushoto, wifi," Mkasi akajibu, na machozi yakamtoka.