Anayelala Nje

Ninamchongea mtoto penseli, na harufu ya mbao yake inanirudisha kijijini kwetu Tetu, katika darasa la udongo, asubuhi ya baridi, mimi na dada yangu tukifanya mtihani wa akili. Kwa mtihani huo shule ya bweni ilikuwa ikichukua watoto wachache tu.

Mwalimu alikuwa ametuzoesha maswali hayo muhula mzima. "Tafuta yule asiyefanana na wenzake," alikuwa akisema.

Maswali yalikuwa mengi, lakini ninakumbuka moja. Mbuzi, kondoo, paka, ng'ombe: yupi si wa kundi hili? Nikaandika paka, kwa sababu mwalimu alipenda mambo ya kwato.

Tukirudi nyumbani nilimuuliza dada yangu alijibu nini.

"Ng'ombe," akasema. "Si ni yeye tu analala nje?"

Sisi tulikuwa tukilala katika nyumba ya nyanya yetu. Mbuzi na kondoo walilala humo humo, nyuma ya kitanda chetu cha fito, na paka karibu na mafiga.

"Jibu ni paka," nikamwambia.

Tulipofika mtoni akaniuliza, "Kwani paka wa mwalimu analala wapi?"

Matokeo yalipokuja, lilisomwa jina langu tu. Siku niliyoondoka na sanduku la bati, dada alinisindikiza hadi barabarani akimvuta ng'ombe kwa kamba, maana hakukuwa na mtu mwingine wa kumlisha. Nilipogeuka kwenye dirisha la basi, mvua ilikuwa imeanza, na wote wawili walikuwa bado wamesimama nje.