Rota ya Gari la Baba

Juzi, pale mtaa wa Gerezani, niliona rota ya gari la Kimarekani kwenye meza ya spea za zamani. Ni kidude cheusi kinachogawa moto kwenye plagi; bila hicho gari haliwaki. Nilivuta ndoo ya muuzaji, nikaikalia.

Baba alifufua gari kama hilo uani kwetu Kariakoo, akalifunga viti vya teksi na tairi za pikapu. Alasiri moja liliwaka. Sufuria zilitetemeka, na moshi ukafunika harufu ya dagaa wa mama.

"Kesho navunja ukuta wa ua, linatoka!" baba akatamba.

"Utarudi kweli, baba Zuhura?" mama akatania.

"Na gari hili? Nani arudi!"

Walicheka. Mimi niliamini kweli hatarudi. Baba alipoenda kuswali, nilichomoa rota, kama alivyonionyesha mwenyewe, nikaitumbukiza chooni.

Alizunguka maduka yote akitafuta nyingine, akachoka. Gari likaishia kwa wanunua vyuma chakavu. Kumbe alitaka tu kutupeleka Magogoni tukale samaki.

Baba alifia katika nyumba ile ile. Aliyeacha shule na kutangatanga ni mimi.

"Dada, unanunua au unapumzika?" muuzaji aliuliza.

Niliinunua, nikaifunga kwenye pindo la kanga.