Sahani ya Mgeni

Mtu aliyeshiba akiniambia "Mungu atatoa", natamani kumpiga kwa mwiko. Nisamehe, rafiki yangu, najua si maneno ya mtu mzima. Lakini wiki iliyopita nilirudi mtaani Kabondo kuiangalia nyumba niliyokulia, na kabla sijaifikia nikamwona mkubwa mmoja ameshusha kioo cha gari, anamwambia mwalimu aliyesimama vumbini akidai mshahara, chaki bado kwenye suruali: "Bon, mwalimu, ukuwe na imani, Mungu atatoa." Kioo kikapanda. Damu ilinichemka hata nikaipita nyumba yetu, ikabidi nirudi nyuma.

Nyumba ipo. Banda la jiko halipo, wenyeji wa leo wanaegesha pikipiki hapo. Enzi zetu ungesikia kinu. Bibi, ambaye sote tulimwita Koko, alitwanga lituma kila mchana: ndizi zilizochemshwa, anazitwanga mpaka zinavutika, kisha anazifinyanga mabonge kwa mkono uliolowa maji. Mimi, mjukuu wake wa kike, nilikuwa mmenyaji wa ndizi. Utomvu uliniacha na vidole vyeusi, na mwalimu wangu aliamini siogi. Mama yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo Koko, mama mzazi wa baba, ndiye aliyetulea mimi na wadogo zangu wawili.

Koko alitoka katika zile familia za Kiislamu za zamani hapa mjini, na alikuwa na desturi moja isiyojadiliwa. Kabla hatujagusa chochote, alitoa bonge moja na mboga yake, akaviweka kwenye sahani ya bati, akafunika kwa sahani nyingine na kuiweka kwenye kigoda karibu na mlango. Hiyo ilikuwa ya mgeni. Mgeni gani? Yeyote. Muuza kuni, mwanamke anayetoka kwa wavuvi wa Wagenia na beseni la samaki kichwani, mwendesha baiskeli wa abiria aliyechoka na jua. Asipotokea mtu mpaka alasiri, tuligawana sisi. Wadogo zangu walikaa wakiichungulia njia, wakiomba isilete mtu.

Nikiwa darasa la sita, mshahara wa baba ulikatika. Alikuwa mpakiaji wa mizigo Bangboka, kwenye uwanja wa ndege, katika kampuni ndogo ambayo siku hizi haipo. Mwezi ukapita, ukaja mwingine, na mwingine. Samaki akatoweka kwetu, ikabaki pondu, yaani kisamvu, isiyo na mafuta. Mabonge yakawa madogo mpaka la kwangu likatoshea kwenye kiganja. Shuleni nikawa narudishwa nyumbani pamoja na wenzangu ambao wazazi wao hawajalipa, na nilikuwa wa pili darasani, nataka ujue hilo.

Na bado sahani ya mgeni ilitangulia! Nililia kwa hasira. "Koko, tunasikia njala!"

"Mugeni naye iko na njala mu njia," alinijibu, akifunika sahani yake. "Mungu anatuona, mama. Tulia."

Hakuwa mtu wa kuigiza. Nilimwona mara nyingi akimaliza kusali anabaki kwenye mkeka, mikono wazi mapajani, anarudia dua ileile tena na tena. Aliogopa kama sisi. Aliamini huku anaogopa, na mimi utotoni sikujua kama hayo yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja.

Ijumaa moja mgeni akaja. Alikuwa mkubwa wa baba kazini, amevaa shati lililopigwa pasi, na kwapani ana karatasi. Koko akamkaribisha kwenye kigoda, akamfunulia sahani. Alikula. Rafiki yangu, yule mkubwa alikula lituma yote tukimtazama, akafuta sahani kwa kidole, mdogo wangu wa mwisho akihesabu kila tonge kwa macho. Kisha akaitandaza karatasi mbele ya baba. Ilisema kwamba wafanyakazi wamepokea mishahara yao ya miezi ile yote.

"Alors, papa, weka signature. Wenzako yote walisha weka."

Asiyeweka, kazi hana. Hakulitamka, lakini kila mtu alilisikia. Baba alishika kalamu. Wote Bangboka walijua kwamba pesa zilifika, na kwamba nyumba ya mkubwa ilikuwa imepata mabati mapya. Mimi nilikuwa naomba aweke, aweke tu, nirudi shule.

Mkubwa akamgeukia Koko kwa sauti ya upole. "Mama, musihangaike. Mukuwe na imani. Mungu atatoa."

Koko aliinama akaichukua ile sahani tupu, bila kupandisha sauti.

"Mungu alisha toa, papa. Alipitisha mu mikono yako. Ni weye njo haujaleta."

Baba akaweka kalamu chini. Mkubwa akakunja karatasi yake, akaondoka bila kuaga, na Jumatatu baba akakuta jina lake limekatwa kwenye orodha ya wafanyakazi.

Mwaka ule mimi sikusoma. Wenzangu walifanya mtihani, mimi namenya ndizi. Mungu alitoa, sikatai, tena nitakupa ushahidi: mwendesha baiskeli mmoja, aliyekuwa amekula kwetu mara nyingi, alisikia habari akamletea baba baiskeli ya pili ya kaka yake, iliyokuwa inakaa bure. Baba akabeba abiria mjini kote mpaka magoti yakamharibika, na kwa jasho hilo nikarudi darasani mwaka uliofuata. Koko alishukuru kwenye mkeka wake. Mimi nilishukuru nimeuma meno, maana baiskeli ile haikupaswa kuwa muujiza. Mshahara ulikuwepo. Mtu mmoja aliukalia, halafu akamsukumia Mungu kazi ya kutulisha.

Koko amekufa, baba amemfuata. Nasali, na namwamini Mungu kama Koko alivyomwamini, woga ukiwemo. Mshahara wa baba nimekaribia kuusamehe. Lakini nyumbani kwangu napika cha kututosha sisi, na wakati wa kula nafunga geti. Nimejaribu mara kadhaa kutenga sahani, nikaifunika, nikaiweka karibu na mlango. Kila mara namwona yule mkubwa wa baba anafuta mchuzi kwa kidole, naifunua mwenyewe na kuwagawia wanangu. Kwa hiyo wanangu wameshiba, na hawajawahi kumwona mama yao akimlisha mtu asiyemjua. Hilo alituibia pia, na hilo sijamsamehe.