Herufi Tano za Maharagwe Mekundu

Ninyi mliokulia kwenye vilima vya Masisi miaka yetu ile, mnaikumbuka mvua ya saa nane. Haikuwa na desturi ya kuchelewa. Asubuhi jua, saa sita mawingu yanashuka mlimani, na ikifika saa nane kila mtu ameshakimbia kutoka shambani na kujikunyata jikoni. Nguo zinatoa mvuke, mahindi yanapasuka kwenye makaa, maziwa yanaganda taratibu ndani ya kibuyu. Mlango wa mbao umefungwa kwa ajili ya upepo na moshi unatuwasha macho. Watoto wa leo ukiwaweka kwenye moshi ule dakika tano watadai wapelekwe hospitali. Sisi tulijifunzia humo kusoma na kuandika, na nasema hivyo kwa majivuno, wala siombi radhi.

Shule yetu ilifungwa nikiwa na miaka sita. Ilikuwa ng'ambo ya bonde. Usalama ulipoharibika walimu waliondoka mmoja mmoja, na baadaye hata mabati yakaondoka. Wazazi wengi walisema tungoje. Mama yangu alikuwa ameishia darasa la tatu, akatolewa shuleni ili alee wadogo zake, na hilo neno kungoja hakulipenda hata kidogo.

"Kama batoto habawezi kwenda ku masomo," alimwambia baba, "masomo itakuja huku mu jiko."

Kazi ikawa kuchagua tutafundishwa nini na kwa lugha gani. Msidhani ni ninyi wazazi wa leo tu mnaoumiza vichwa kwa jambo hilo. Baba alikuwa na kitabu cha Kifaransa cha enzi zake, hakina jalada wala kurasa za mwanzo, na alishikilia kwamba tuanze na hicho. "Kifaransa njo inafungua mulango ya biro," alisema, maana ndoto yake ilikuwa tufanye kazi ofisini. Katekista jirani yetu naye alitaka tukariri maombi yote kwanza, herufi zitakuja zenyewe. Mama aliwasikiliza wote wawili huku akichambua mbegu.

Kwetu mama hakupanda maharagwe yaliyochanganyika. Kabla ya kupanda aliyamwaga kwenye lungo, ule ungo mpana wa kupepetea, akatenga mekundu huku na meupe kule, maana alisema kila aina ina siku yake ya kuiva na saa yake chunguni. Siku hiyo mafungu mawili yalikuwa mbele yake. Alichukua meupe, akayapanga yakawa herufi ya m. Akachukua mekundu, akapanga a pembeni yake. Akarudia tena.

"Soma," aliniambia.

Sikujua kusoma, lakini alikuwa ananitazama huku akijigusa kifua, basi nikasema mama. Baba alikikunja kile kitabu chake akakirudisha chini ya kitanda.

Tangu siku hiyo, kila mvua ikianza, lungo lilishuka. Herufi tano zilikuwa za maharagwe mekundu, a, e, i, o, u, na zilizobaki zote za meupe. "Hizi tano iko za mudomo wazi," mama alitufundisha. "Zile zingine bila hizi iko bubu." Maneno ya kwanza yalikuwa ya palepale tulipoketi: moto, maji, jembe, mbuzi, mvua. Ukikosea hakukupiga. Alivuruga lungo kwa kiganja, maharagwe yote yakachanganyika, nawe ukaanza kuyatenga upya. Adhabu hiyo ilitufundisha upesi kuliko fimbo.

Maneno yalipokuwa marefu tulihamia mlangoni. Upande wa ndani wa mlango ndio uliokuwa ubao wetu. Herufi za meupe tuliziandika kwa makaa, na zile tano kwa donge la udongo mwekundu tulilochimba ukingoni mwa njia. Imla yetu ilikuwa maneno ya wageni. Mtu akija kuomba moto au kuazima panga, akishaondoka mama anasema, "Haya, andikeni vile amesema." Wageni waliegemea mlango bila kujua, wakaenda zao na masomo yetu mgongoni.

Vitabu vya kusomea havikuwapo, kwa hiyo tulisoma kilichopatikana: kitabu cha nyimbo za kanisa, karatasi za sabuni, mifuko ya chumvi. Mama alipoinama kupuliza moto tulisoma maneno yaliyochapwa kwenye kitenge chake. Kanisani tulisoma vitenge vya kina mama wote kuanzia safu ya mbele, na mahubiri yawe marefu namna gani hatukuchoka.

Shule ilipofunguliwa tena nilikuwa na miaka tisa. Mwalimu alitangaza kwamba kila mtoto atapimwa. Ajuaye kuandika ataingia darasa la tatu na wa umri wake, asiyejua atakaa darasa la kwanza na wale wanaonyonya vidole. Mama alinifulia gauni langu pekee, akanipaka mafuta ya ng'ombe mpaka nikang'aa, akanisindikiza kuvuka bonde. Hakuruhusiwa kuingia. Alisimama nje ya dirisha.

Mwalimu alinipa karatasi na kalamu ya biki ya buluu, biki ya kwanza kushika maishani mwangu. Akasoma: "Mama anapika maharagwe. Baba analima mlimani." Niliandika kwa umakini wote, nikarudisha karatasi. Aliitazama, akaigeuza, akaiinua juu ili darasa lote lione. Nilikuwa nimeandika m, nafasi, m, nafasi, na kuendelea vivyo hivyo hadi mwisho. Karatasi nzima ilikuwa mashimo matupu. Watoto walicheka mpaka wakapiga madawati.

"Mama," mwalimu alimwambia mama yangu kupitia dirishani, "mutoto wako hajue kuandika. Ataanza mu ya kwanza."

Nilimwona mama akishika kizingiti cha dirisha kwa mikono miwili. Miaka mitatu ya mvua ilikuwa mikononi mwake. Mimi ndiye niliyejibu.

"Mwalimu, siyamaliza bado. Nangoja nyekundu."

"Nyekundu gani?"

"Ya zile za mudomo wazi. Ulinipa rangi moja tu."

Biki nyekundu ilikuwa mfukoni mwa shati lake, na wote mnajua kwamba miaka ile biki nyekundu ilikuwa mali ya mwalimu peke yake, mwanafunzi hakuthubutu hata kuigusa. Aliitoa, nadhani kwa mzaha. Nikajaza mashimo yangu moja baada ya jingine. Hakuna hata moja lililobaki na hakuna lililopata herufi isiyo yake. Mwalimu alisoma mistari ile mara mbili, kisha akatazama dirishani.

"Mama, wewe ulisomea wapi ualimu?"

"Huku huku, mwalimu. Mu jiko."

Niliingia darasa la tatu. Njiani kurudi mama hakunisifu, maana wazazi wetu hawakuwa watu wa kumwaga sifa. Aliniambia tu, "Siku ingine usikandamize biki ya bantu vile, itavunjika." Lakini aliimba kutoka bondeni mpaka mlangoni kwetu.

Leo niko Pinga, upande wa Walikale, nilikoolewa. Huku ni msitu, mihogo na mawese, na barua au mzigo hukufikia kwa pikipiki kama njia imependa. Kwenye madarasa ya shule yetu wanalala watu waliokimbia vijiji vyao. Siwezi kuwanung'unikia, nami nimewahi kulala darasani. Mkuu wa shule alitutangazia kwamba watakapopata nafasi ya kufungua, kila mtoto atapimwa, na asiyejua kuandika ataanza chini. Binti yangu Neema ana miaka minane. Mdogo wake Baraka ana mitano. Nikikosea kuchagua, dada atakaa dawati moja na mdogo wake, na namjua Neema, siku hiyo ndiyo ya mwisho kwenda shuleni.

Ushauri ulikuja kutoka kila upande. Wifi yangu wa Goma alituma kitabu kizuri cha Kifaransa, chenye picha za tufaha na treni, vitu ambavyo Neema aliniuliza vinapikwaje. Mpwa wangu akatuingizia programu kwenye simu. Ina sauti ya mama mmoja wa Ulaya anayempongeza mtoto kwa kila kitu, hata Baraka alipoibonyeza kwa kiwiko alipigiwa makofi. Mpwa mwenyewe ni wa wale vijana wanaoandika "slt cv" badala ya "salut, ça va" na kuona wamekusalimia. Nikasema moyoni, huyu naye ana mashimo, ila hayangoji biki ya mtu yeyote.

Wiki mbili sikuamua. Nilikuwa na hofu kweli, tena hofu ya aibu, kwa sababu mama mwenye darasa la tatu aliamua kwa dakika moja, na mimi mwenye diploma nimekaa nimeshika tama. Mwishowe mvua ikaanza kunyesha, nikamsikia Neema akiuliza leo tutafanya nini. Nikateremsha lungo.

Lakini huku maharagwe yanakuja kutoka Masisi kwa pikipiki, machache tena yamechanganyika. Nikatumia vya huku: karanga badala ya meupe, na ngazi, yale matunda ya mchikichi, nyekundu na zinateleza mafuta, badala ya mekundu. Mume wangu alisimama mlangoni akatutazama.

"Mama Neema, bantu batasema tunafundisha batoto na chakula."

"Baseme tu, Papa Neema. Na mimi njo nilifundishwa vile."

Shida ilikuwa Baraka. Katika neno baba alikula a zote mbili, akaniambia neno limekwisha. Sisi zamani hatukuthubutu kula mbegu. Hata hivyo tulisonga mbele, kutoka lungo hadi mlangoni, na Kifaransa cha wifi kikafuata nyuma, kikakuta Neema anajua tayari herufi inavyofanya kazi. Tufaha tulilitafsiri kuwa pera, treni tukairuka.

Siku ya kupimwa ilipofika nilibadilisha jambo moja tu katika masomo ya mama. Nilimwekea Neema biki nyekundu mfukoni, nikaushonea mfuko kifungo isidondoke. Sikutaka mtoto wangu achekwe na darasa zima. Sikusimama dirishani. Nilibaki nyumbani nikipukuchua karanga ambazo zilikuwa zimeshapukuchuliwa.

Alirudi akitembea polepole, nikaweka karanga chini. Akafungua kifungo, akanirudishia biki. Ilikuwa na kifuniko chake, haijaguswa.

"Hawakukuandikisha?"

"Baliniandikisha. Niko mu ya tatu."

"Na nyekundu?"

Alinitazama vile watoto wa leo wanavyotutazama tukiuliza jambo lililo wazi. "Mama, niliandika yote na bleu. Zile nyekundu naziona tu mu kichwa."

Jioni ile nilipanda kilimani kutafuta rezo, mtandao wa simu, nikampigia mama. Anazeeka sasa, bado yuko kwenye kilima chetu, na simu anaishikilia mbali na sikio. Nilimweleza yote. Akauliza:

"Karatasi yake ilibakia na mashimo ngapi?"

"Hata moja, Mama."

Akacheka, nami nikalia, na pesa za simu zikaisha hapohapo.

Enzi zile tulikuwa na shamba la maharagwe na hatukuwa na biki. Wanangu wana biki za rangi zote, na shamba la bibi yao hawajalikanyaga, kwa sababu ya njia na kwa sababu ya vita. Ukiniuliza nani kati yetu alikuwa tajiri, nitakujibu bila kusita, na jibu hilo linaniuma.

Wiki iliyopita pikipiki ilileta kifurushi kutoka Masisi. Vifuko viwili vya kitambaa, kimoja cha meupe, kimoja cha mekundu, yamechambuliwa punje kwa punje kama zamani. Ndani mlikuwa na kipande cha karatasi ya sabuni, ameandika kwa mkono wake, herufi za mudomo wazi kwa nyekundu: "Ya Baraka. Mabichi hayaliki."