Shangazi wa Kwenye Karatasi

Anastasia si mtu wa kunong'ona. Akibishana na dalali wa kabichi barabarani, sisi tulioko juu kwenye karoti tunaijua bei ya siku. Lakini barua ya kumnyima Esther viza ilipofika alinyamaza siku mbili, na Mgeta yetu yote ikaingiwa na wasiwasi.

Esther ni binti wa Cecilia, mdogo wake Anastasia, ambaye anahudumia wazee Uingereza. Alimwacha mtoto ana miaka mitatu. Barua hiyo ilipofika alikuwa na kumi na tano. Cecilia alipopata kibali cha kuishi huko moja kwa moja, akaomba mwanawe amfuate. Watu wa uhamiaji wakataka barua ya anayekaa na mtoto. Anastasia akaandika ukurasa mzima kwa mbwembwe: kila kitu cha Esther anafanya yeye, kliniki, shule, kipaimara, hata jipu la mgongoni alilikamua yeye, na mtoto hamjui mama mwingine.

Wakajibu kwamba, kwa maneno ya shangazi mwenyewe, mama mzazi siye mwenye dhamana ya malezi, kama sheria yao inavyotaka. Viza hakuna.

"Shangazi?" Anastasia alimfokea wakili wa Cecilia kwenye simu. "Shangazi ni dada wa baba. Huyo baba tumeshamsahau hata sura, sembuse dada yake. Mimi ni mama mkubwa. Mama."

"Kwa Kiingereza ni neno moja, dada," wakili akasema. "Na hilo la mama ndilo lililotuponza."

Mimi nilikuwa karani wa parokia miaka ishirini na nimeona makaratasi ya kipuuzi, ila hili lilinichefua. Mtu amelea vizuri, imekuwa kosa. Wakili akataka barua mpya ya rufaa, ieleze yale aliyoamua Cecilia. Na yapo kweli: shule aliichagua yeye, ruhusa ya upasuaji aliitoa yeye kwa simu, na Anastasia hakuwahi kufanya jambo kubwa bila kumuuliza. Shida ilikuwa kuyaandika. Alichana barua mbili, ya tatu nikashika kalamu mimi.

"Andika nilimpeleka hospitali."

"Kwa agizo la mama yake," nikasema.

"Kwani agizo ndilo lililombeba mgongoni mpaka barabarani?"

Nikaandika kwa agizo la mama yake. Alinisonya, na wiki nzima hakunisalimu.

Rufaa ilikaa miezi kumi na minne. Hukumu ilipoingia kwenye simu ya Esther, tulikuwa uani kwao tunachambua njegere. Tumeshinda. Esther akaanza kutusomea kwa Kiswahili, akafika mahali akakwama.

"Endelea," Anastasia akamwambia.

"Wanasema shangazi alimpa mtoto chakula na malazi tu. Hana nafasi ya mzazi katika maisha yake."

Nilitamani ningeichana ile simu kama karatasi.

"Vizuri," Anastasia akasema. "Ndivyo tulivyoomba."

Akamkaripia Esther aache kulia kijinga, akakusanye nguo zake. Kisha akaingia jikoni na kufunga mlango. Esther akamfuata, akagonga.

"Mama, fungua."

Akagonga tena.

"Mama."

"Niite mama mkubwa," akajibu kutoka ndani. "Anza kuzoea."