Bango Langu la Siku ya Kina Mama

Chekeni kama mnataka, mimi mwenyewe nimeanza kucheka juzi tu, lakini kuna jumba la sanaa hapa Birmingham ambalo nikipita mbele yake nageuza uso kama mtu anayetafuta basi, kwa sababu mle ndani, Jumamosi moja asubuhi, nilijivua nguo mbele ya watu kumi na wawili na mlinzi mmoja (nguo za heshima, nasema, zile nyingine nilibaki nazo).

Mimi ni mtunza wazee, nakaa mtaa wa Hodge Hill, na kanisani kwetu mimi ndiye niliyekuwa nikitengeneza mabango ya matangazo. Hakuna aliyenichagua, nilianza tu na hakuna aliyenikataza. Sasa lile la Siku ya Kina Mama nililimaliza kwa fahari, nikachapisha mengi kupita kiasi, halafu nikawasikia kina mama wawili msalani wakilalamika kwamba halikuonyesha saa ya kuanza. Saa ilikuwepo! Ilikuwa chini ya njiwa, kulia kwa pasta.

Ndipo nikajiandikisha kimyakimya kwenye darasa la bure la Jumamosi, pale kwenye jumba la sanaa, la kuwafundisha watu wa kawaida kupanga picha na maandishi kwa kutazama michoro ya zamani. Mwalimu wetu, Bwana Alan, mtu mrefu, mpole, mwenye soksi za rangi ya machungwa, alitusimamisha mbele ya mchoro wa mwanamke anayemenya tofaa katika chumba chenye giza, akauliza, "Jicho lako limeenda wapi kwanza?" Kwenye mikono, tukasema sote, maana mwanga ulikuwa hapo tu. Akatuonyesha jinsi kabati kubwa jeusi la kushoto linavyosawazishwa na kitambaa kidogo chekundu cha kulia, na kwamba ule ukuta mtupu si uvivu wa mchoraji, ni mahali pa jicho kupumzika. Nilipenda, sitadanganya. (Hata kazini nilianza kuzitazama sahani: samaki mweupe, viazi vyeupe, sahani nyeupe, ndiyo maana wazee hawali!)

Shida ni kwamba wiki ya pili nilimkuta Dorcas.

Dorcas tunaabudu naye, anakaa Sparkbrook, mwanamke mtaratibu ambaye huwezi kujua anawaza nini. Aliponiona alishtuka, akafunga faili lake la bluu pap. "Mama Ivy! Hata wewe?" Hiyo "hata wewe" ikanikaa vibaya. Na faili analifungia nini? Wiki ya tatu nikamwona dirishani akimnong'oneza Bwana Alan, naye Bwana Alan akiitikia kwa kichwa, na nilipokaribia wakanyamaza wote wawili. Basi nikajua. Nikiwa ndani ya basi kurudi nyumbani niliunganisha kila kitu: Dorcas anataka mabango yangu, anajifunza ili aje kanisani aniaibishe, na wale wawili wa msalani, nani aliwatuma?

Wiki ya nne Bwana Alan alitaka tulete mchoro wetu wa penseli wa picha tuliyoipenda, na asiyeweza kuchora alete karatasi yoyote iliyochapishwa, tangazo au menyu, tuichunguze pamoja. Mimi nilimchora yule mama wa tofaa nikiwa jikoni, kwenye karatasi ya kwanza niliyoinyakua juu ya friji. Tulimpa karatasi zote, akawa anazibandika ubaoni huku sisi tunakunywa chai.

Niliporudi na kikombe changu, katikati ya ubao niliona bango langu. Njiwa watatu, pasta na mkewe, kwaya nzima, maua ya manjano, aina sita za herufi.

Mzee mmoja mwenye upara akasema, "Sijui hata niangalie wapi." Mama mwingine akasema ni kama watu kumi wanamsemesha kwa pamoja. Darasa likacheka, kicheko cha adabu, ambacho ndicho kibaya zaidi. Nikamtazama Dorcas. Alikuwa ameinamisha macho. Aha! Halafu akainua mkono, akasema kwa Kiingereza chake cha polepole, "Rangi zake ni za furaha. Aliyelitengeneza alitaka kila mtu ajione amekaribishwa."

Nilisikia dhihaka tupu.

"Dorcas," nikasema kwa Kiswahili, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyopanga, "umenifuata huku unianike?"

"Mama Ivy, tafadhali. Kuna watu."

"Si ndio umewaletea bango langu wacheke? Kama unataka kazi ya kanisa, sema! Kila wiki minong'ono na mwalimu, kila wiki kuficha faili, hebu tuone umeficha nini!" Na mkono wangu huu, ambao sijui nani aliuamuru, ukalivuta lile faili, likafunguka, karatasi zikamwagika sakafuni. Mlinzi akaja mbio. Wageni kutoka chumba cha pili wakachungulia.

Bwana Alan, ambaye hakuelewa ila neno "bango" nilipolinyooshea kidole, aliniuliza taratibu kama lile ni langu. Nikasema ndiyo, tena kwa kifua. Akalibandua, akaligeuza. Upande wa pili alikuwepo mama wa tofaa, na chini yake jina langu kwa penseli. Nakala za bango zilikuwa zimebaki nyingi mno juu ya friji, mnakumbuka, na mimi karatasi nzuri siitupi.

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka.

Nilipiga magoti kumsaidia Dorcas kuokota. Ilikuwa michoro ya mikono, mikono ya wagonjwa anaowahudumia, mmoja umeshika kijiko, mwingine umeshika shuka, mizuri mpaka nikaogopa kuigusa. Kati yake kulikuwa na barua ya chuo cha sanaa, ya kumwita kwenye mahojiano Jumanne. Bwana Alan alikuwa akimsaidia kujiandaa.

"Sikutaka mtu wa kanisani ajue," akaniambia bila kuniangalia. "Mara ya kwanza nilipokosa nafasi, mliniita mbele mkaniombea kila mtu akisikia."

Nami ndiye niliyeshika kipaza sauti siku ile.

Nilimwomba msamaha pale pale, na tena kwa simu, na tena mlangoni pake nikiwa na mandazi. Mandazi aliyachukua. Nafasi ya chuo aliipata, na habari hiyo niliisikia kwa wengine. Jumapili ananisalimia vizuri, "Bwana asifiwe, dada," vile tunavyowasalimia wageni. Nimeapa sitamshuku tena mtu kwa sababu amenyamaza. Na nikishindwa, maana najijua, basi nitamshuku nikiwa kwangu, mlango nimeufunga, mikono nimeikalia.